Sungura wa kwenye chupa, punda wa Ukambani

Ingia duka lolote la rejareja mjini Wote, Mutomo au Mwingi, uulize mafuta ya kujipaka ya bei nafuu, na huenda ukaoneshwa Arimis. Kopo lenyewe halifichi asili yake: limeandikwa kwamba ni mafuta ya kukamulia, yaani yalikusudiwa kulainisha chuchu za ng'ombe zisikauke wala kupasuka. Wakenya wakayaazima kwa ng'ombe wao wasiyarudishe. Leo yanapakwa magoti ya watoto wa shule na visigino vya wazee, na hakuna anayeona ajabu.

Katika kopo hilo mnyama alitangulia kupakwa, binadamu akafuata, na hakuna aliyeumia. Kwingineko duniani safari ya vipodozi kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu imekuwa ya machungu, ndiyo maana baadhi ya chupa zinazouzwa katika supamaketi za Nairobi siku hizi zina picha ya sungura anayeruka. Sungura huyo ni ahadi ya kampuni kwamba bidhaa yake haikujaribiwa kwa wanyama.

Ahadi hiyo inawahusu watu wa Kitui na Makueni kuliko wanavyodhani. Kaunti hizi mbili hazijulikani kwa viwanda vya vipodozi, ila zina malighafi ambayo viwanda hivyo huitafuta: mbegu za mbuyu, nta ya nyuki, shubiri ambayo Wakamba huiita kiluma, na mbarika. Lakini mnyama ambaye biashara ya urembo imemgharimu zaidi Ukambani si sungura. Ni punda, na hakuna chupa yenye picha yake.

Jicho la sungura

Majaribio ya vipodozi kwa wanyama yalishamiri kwa nia ya kuokoa macho ya watu. Mwaka 1933 wanawake nchini Marekani waliuziwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure. Kadhaa waliharibiwa macho na mmoja akafariki. Hapakuwa na sheria ya kuiondoa rangi hiyo sokoni hadi ilipotungwa moja mwaka 1938. Kemikali iliyoleta balaa hilo haijatoweka. Bado imo katika rangi za nywele, zikiwemo zile ambazo baadhi ya wapambaji wa Pwani huzichora kama piko nyeusi, kisha mikono ya bibi harusi ikavimba na kuchubuka siku chache baada ya sherehe.

Mwaka 1944 John Draize, mwanasayansi wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, alichapisha na wenzake utaratibu wa kupima ukali wa kemikali. Sungura hutiwa kemikali katika jicho moja, la pili likaachwa kwa ulinganisho, kisha mpimaji akatoa alama kwa uwekundu, uvimbe na ukungu wa mboni kwa siku kadhaa. Sungura alipendwa kwa kuwa ni mpole, bei yake ni ndogo, na machozi yake ni machache mno kuosha kilichotiwa. Kabla ya hapo, mwaka 1927, kulikuwa kumebuniwa kipimo kingine cha kutafuta kiasi cha sumu kinachotosha kuua nusu ya kundi la wanyama wanaojaribiwa. Kwa miongo kadhaa vipimo hivyo viwili vilitawala maabara.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichowataka wanasayansi kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao na kupunguza maumivu yao. Kitabu kilisomwa na wachache. Ilibidi lije tangazo la gazeti ili umma ushtuke. Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira alitoa tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times kuuliza kampuni ya Revlon imewapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Haukupita mwaka kabla Revlon kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia nyingine.

Njia hizo sasa zipo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, linakubali kipimo cha muwasho kinachofanywa kwenye ngozi ya binadamu iliyokuzwa maabara kutokana na chembe hai. Mwaka mmoja kabla lilikuwa limekubali kipimo cha jicho kinachotumia macho ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Sheria zikafuata sayansi. Uingereza ilisimamisha majaribio ya vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kujaribu bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, viambato vyake mwaka 2009, na kuanzia Machi 11, 2013 ukafunga soko lake kwa vipodozi vipya vilivyojaribiwa hivyo popote pale. India ilizuia uagizaji wa bidhaa za namna hiyo mwaka 2014, Kanada ikaungana nao mwaka 2023.

Kenya haina sheria mahususi juu ya vipodozi na wanyama. Iliyopo ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inamtaka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Sheria hiyo inaruhusu kwa masharti. Haisemi iwapo krimu ya uso ni sababu tosha ya kumtia mnyama maumivu.

Kiapo na wanaokirithi

Kampuni iliyofanya ahadi ya sungura ijulikane madukani ni The Body Shop, iliyoanzishwa na Anita Roddick katika mji wa Brighton, Uingereza, mwaka 1976. Mwaka 1989 ilianza kampeni ya wazi dhidi ya majaribio kwa wanyama, wakati kampuni kubwa zilikuwa bado zinadai kwamba bila sungura hakuna usalama. Kiapo hicho kilifika hadi Kenya kwa njia ya biashara: kampuni hiyo imenunua mafuta ya melaleuka, mti wenye asili ya Australia, kutoka kwa wakulima wadogo wanaolima bila kemikali karibu na Mlima Kenya. Kampuni nyingine ya Uingereza yenye msimamo kama huo, Lush, imenunua shubiri kwa vikundi vya wanawake wa Laikipia.

Kilichofuata kina funzo kwa yeyote anayetaka kuuza kwa jina la kiapo. Mwaka 2006 The Body Shop iliuzwa kwa L'Oréal ya Ufaransa kwa pauni milioni 652, na baadhi ya wateja wakaisusa wakisema mnunuzi hakuwa na msimamo kama wa mwanzilishi. Mwaka 2017 ikauzwa kwa Natura ya Brazil. Oktoba 2018 iliwasilisha kwenye Umoja wa Mataifa, New York, saini milioni 8.3 za kutaka majaribio hayo yakomeshwe duniani kote. Ikauzwa tena mwishoni mwa mwaka 2023, na Februari 2024 tawi lake la Uingereza likawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi kabla ya kupata wamiliki wengine mwaka huohuo.

Kwa kipindi cha miaka 18 jina lilikuwa lilelile na kiapo kilekile, mikononi mwa mabwana watano. Kilichokilinda kiapo hicho ni kwamba kilikuwa kimetoka kinywani mwa mwanzilishi kikaandikwa kwingineko, katika sheria za Ulaya na katika mikataba ya wakaguzi wa nje. Kwetu pia umiliki huhama bila mtumiaji kujua. Nice & Lovely, jina ambalo karibu kila nyumba Kenya imewahi kuwa nalo, lilitoka mikononi mwa kampuni ya Interconsumer Products ya Paul Kinuthia likaenda kwa L'Oréal mwaka 2013. Mama aliyekuwa akinunua chupa hiyo Mutomo aliendelea kuinunua palepale, huku maamuzi juu ya kilichomo na jinsi kilivyopimwa yakihamia Paris.

Kinachosemwa na kisichosemwa

Ndiyo maana sungura wa kwenye chupa anahitaji kuhojiwa. Kwanza, ni nini ambacho hakikujaribiwa? Kampuni inaweza kusema kweli kwamba krimu yake haikujaribiwa, ilhali kila kiambato ndani yake kilijaribiwa na aliyekiuza. Pili, tangu lini? Karibu kila kiambato cha zamani kiliwahi kupitia jicho la sungura mahali fulani, kwa hiyo wakaguzi makini huitaka kampuni iweke tarehe ambayo baada yake haitanunua kitu kilichojaribiwa upya. Tatu, kuna kijisentensi cha mwisho? Wapo wanaoapa kwamba hawajaribu "isipokuwa pale sheria inapotaka". Kwa miaka mingi sheria iliyotaka hivyo ilikuwa ya China, ambako vipodozi vya kawaida kutoka nje havikuweza kuuzwa bila kupimwa kwa wanyama. Tangu Mei 2021 China imelegeza, ingawa vipodozi vya aina maalumu kama rangi za nywele viko katika kundi lenye masharti makali zaidi.

Hata Ulaya haijamaliza. Sheria yake ya kemikali, ijulikanayo kama REACH, inaweza kudai majaribio ya wanyama ili kulinda wafanyakazi wa viwandani, hata kama kemikali yenyewe inatumika katika vipodozi pekee. Mvutano huo umefika mahakamani, na zaidi ya raia milioni moja wa Ulaya walitia saini kuupinga.

Nne, kutojaribu kwa wanyama si sawa na kutokuwa na kitu cha mnyama. Mafuta ya midomo yaliyotiwa nta ya Mwingi yanaweza kubeba picha ya sungura kwa haki kabisa, lakini hayawezi kuuzwa kwa mtu asiyetumia chochote kitokanacho na mnyama. Tena picha hiyo haimtazami nyuki. Mrinaji anayepanda kwenye mzinga wa gogo usiku akiwa na mwenge wa moto huunguza kundi zima, na nta yake ikifika kiwandani haitofautiki na ya yule aliyetumia moshi wa kiasi akawaachia nyuki akiba yao. Taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, imefanya kazi ya miaka mingi na wafugaji wa nyuki wa Mwingi kuhusu urinaji safi. Tofauti hiyo inastahili kuandikwa kwenye chupa kama inavyoandikwa ya sungura.

Na la tano, ambalo wauzaji wengi hawapendi kulitaja: kutojaribiwa kwa wanyama si ushahidi wa usalama. Krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki au haidrokwinoni inaweza kuwa haijawahi kumkaribia sungura. Inajaribiwa kila asubuhi kwenye uso wa msichana aliyeinunua sokoni bila kuisoma.

Mbuyu hauna cha kuficha

Pita barabara ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, au shuka Kitui Kusini kuelekea Mutomo na Ikutha, uone mibuyu ilivyosimama katikati ya mashamba ya mtama na pojo. Tunda lake lina ganda gumu lenye manyoya laini kama mahameli. Ukilipasua kwa jiwe unakuta unga mweupe mchachu ulioganda kuzunguka mbegu, na nyuzi nyekundu zilizoshikilia kila kitu pamoja. Unga huo Ulaya iliukubali kama chakula mwaka 2008. Huku kwetu hupikwa pamoja na mbegu zake katika sukari yenye rangi nyekundu ukawa mabuyu, peremende ambazo watoto wa Mombasa na Nairobi huzifyonza kisha wakatema mbegu.

Mbegu hiyo inayotemwa ndiyo wanayoitaka watengenezaji wa vipodozi. Ikikamuliwa bila moto hutoa mafuta ya rangi ya dhahabu ambayo asidi zake tatu kuu, oleiki, linoleiki na palmitiki, zinakaribiana kwa kiasi, jambo linaloyafanya yaingie kwenye ngozi bila kuacha utelezi mwingi. Ni mbegu ngumu na bahili: kilo nzima haitoi hata robo lita. Anayelijua hilo hauzi mbegu kwa bei ya takataka.

Mradi wa utafiti ulioitwa BAOFOOD, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Rhine-Waal cha Ujerumani kati ya mwaka 2016 na 2020, uliifuata biashara ya mbuyu nchini Kenya, Malawi na Sudan. Hapa Kenya, tunda hupita mikononi mwa madalali wengi kabla ya kufika Pwani au Nairobi, na anayeliokota chini ya mti ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Mbarika ya Makueni nayo imeshapata bwana mwingine. Tangu Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ina kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta katika kaunti hiyo, na mafuta yake husafirishwa hadi Gela, Sicilia, kutengenezewa fueli. Mkulima aliyedhani mbarika itaishia kwenye nywele za mtu sasa anaiona inaelekea kwenye tangi la ndege.

Katika soko la kiapo, mbuyu una nafasi ambayo kemikali mpya za maabara hazina. Mafuta ya mimea ambayo hayakubadilishwa kikemikali hayalazimiki kusajiliwa chini ya REACH, kwa hiyo hayaguswi na ule mvutano wa wanyama. Ngozi za watu zimeyajua kwa vizazi. Nyumbani, Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, hutumia viwango vya Afrika Mashariki vinavyoangalia mambo yanayopimika kwenye chupa: madini mazito kama risasi na zebaki, vijidudu, na viambato vilivyopigwa marufuku. Kikundi cha akina mama wa Ikutha kikitaka kuuza mafuta ya mbuyu hakihitaji mnyama hata mmoja.

Kinachohitajika ni karatasi. Mnunuzi wa nje mwenye alama ya sungura anawajibika kwa wakaguzi kuonesha kwamba kila aliyemuuzia ametia saini tamko. Dalali anayechanganya magunia ya Kitui, Taita na Kilifi katika lori moja hawezi kutia saini kwa uaminifu, maana hajui mbegu zimetoka wapi wala zimechanganywa na nini. Kikundi chenye daftari la nani ameleta kilo ngapi, lini na kutoka kijiji gani, kinaweza. Uwezo huo wa kuonesha chanzo una bei yake sokoni, na kwa sasa hauuzwi na mtu.

Punda asiyeandikwa

Turudi kwa mnyama tuliyemtaja mwanzoni. Wakati wa kiangazi, mito ya Kitui na Makueni hubaki mchanga mtupu, na maji hufukuliwa chini yake. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20 kwa safari moja. Bila punda, mwanamke huubeba mtungi mmoja mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso, na safari nne za kilomita kadhaa ndiyo siku nzima imekwisha. Punda huyohuyo ndiye anayefikisha gunia la ubuyu barabarani.

Kuanzia Aprili 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa Kenya, vikafika vinne: Mogotio, Naivasha, Lodwar na hapa jirani Machakos. Vilichotafuta hasa ni ngozi. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama dawa ya kuongeza damu na kama siri ya uso usiozeeka, ya kunywa na ya kupaka. Utafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, kasi iliyopita mbali uwezo wa punda kuzaana. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Wizi ukaenea: familia zikaamka na kukuta kamba imekatwa, na mzoga uliochunwa ukiwa kichakani.

Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Tanzania ilichukua hatua yake ya kuzuia, na Desemba 2022 wataalamu wa bara zima walikutana Dar es Salaam kujadili hatima ya punda. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Kwa vigezo vya maabara, punda hao hawakujaribiwa chochote. Krimu yenye ejiao inaweza kudai, bila kusema uongo, kwamba hakuna mnyama aliyetiwa kemikali machoni. Hapo ndipo ahadi ya sungura inapoishia. Ilitungwa na watu wa mijini waliotazama maabara, mahali walipojua mnyama anateswa, nao walikuwa na haki. Haikutungwa na mtu anayemjua mnyama kwa jina na kumtegemea kwa maji ya kunywa.

Wanaovuna Kitui na Makueni hawana sababu ya kuingoja London iwaandikie ahadi nyingine. Vyama vyao vya ushirika vinaweza kuandika yao katika ukurasa mmoja: mafuta haya hayakujaribiwa kwa mnyama, wala sisi wala aliyetuuzia mbegu, nta hii haikurinwa kwa moto wa kuua nyuki, na punda aliyebeba gunia hili hakubebeshwa akiwa na kidonda, wala hatauzwa kwa ajili ya ngozi yake. Serikali za kaunti, ambazo tayari zina maafisa wa mifugo mashinani, zinaweza kuwa shahidi wa ukurasa huo bila kujenga maabara yoyote. Mnunuzi wa Ulaya anayelipia picha ya sungura ataelewa anacholipia zaidi. Asipoelewa, basi hata huyo sungura alikuwa akimnunua kama pambo, na ni heri mkulima alijue hilo kabla ya kutia saini mkataba.